Lete Karatasi ya Babu Yako

Hii mada sikuitafuta, ilinipata nikitafuta pesa ya bando. Mteja mmoja wa Nagpur, mji ulio karibu katikati kabisa ya India, alikuwa anataka mtu wa kumkatia video fupi. Bei yake ilikuwa ya huruma lakini alikuwa analipa siku hiyo hiyo, na nyinyi mnajua vile wateja wa aina hiyo ni wachache. Kazi yake ni kuwaelekeza wanafunzi wanaotaka kuingia vyuo vya udaktari na uhandisi kule jimboni Maharashtra. Alinitumia video kumi na mbili. Nilidhani ni zile za "soma usiku, kunywa maji mengi". Kumbe zote zilikuwa juu ya karatasi mbili tu: cheti cha tabaka, na cheti kingine cha kuthibitisha kwamba kile cha kwanza ni halali.

Ndio, umesoma vizuri. Cheti cha cheti.

Kwa video ya tatu nikasimamisha. Alikuwa anawaambia wanafunzi watafute karatasi ya babu, ya kabla ya 1950, na kama ni ya shule ndio bora zaidi. Nilirudia hapo mara kadhaa. Maneno kama hayo niliwahi kuambiwa usoni nikiwa na miaka kumi na minane.

Wacha niseme yangu haraka, halafu turudi Nagpur.

Mimi ni Mnubi wa Kibra. Wazee wetu waliletwa Kenya kutoka Sudan kama askari wa jeshi la Mwingereza, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Nilipomaliza fomu foo, wasee wa darasa langu walienda kuchukua kitambulisho: picha, alama za vidole, kwisha. Mimi nikaambiwa nirudi siku ya wazee. Siku ya wazee ulikuwa unakaa mbele ya meza, unataja baba, babu, babu mzaa babu, na unaonyesha karatasi zao. Mzee mmoja aliniuliza swali kwa Kinubi, mimi nikajibu kwa Sheng. Manze, kile kimya. Karatasi za babu zilikuwa zimelowa mvua kitambo zikaharibika, basi nyanya akaja mwenyewe na miguu yake inayouma. Akaambiwa arudi. Akarudi. Akaambiwa arudi tena. Ilichukua miezi tisa, na mkopo wa serikali wa chuo haukuwa unaombwa bila kitambulisho. Dirisha la maombi lilifungwa nikiwa bado kwa laini.

Nikaingia chuo na deni. Mwaka wa pili jina langu halikuwa kwa orodha ya mtihani. Sasa, wale mmenifuata kitambo mnakumbuka ile video yangu ya kusema niliacha chuo kwa hiari, eti chuo ni cha watu hawana akili ya biashara. Ilienda mbali sana hiyo video. Ilikuwa uongo, na imekaa hapo juu miaka miwili ikiniangalia.

Haya, India.

Nikisema tabaka hapa sio ile ya mwenye gari na mwenye kupanda mathree. Ni la kuzaliwa. Unazaliwa nalo kama vile unazaliwa na ukoo, na kwa karne nyingi lilikuwa linaamua kazi utakayofanya, nani utaoa, kisima gani utachota maji. Wale waliowekwa chini kabisa, ambao leo wengi hujiita Wadalit, walihesabiwa kuwa najisi. B. R. Ambedkar, aliyeongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, alikuwa mmoja wao. Akiwa mtoto shuleni alikuwa anakalia gunia alilobeba kutoka nyumbani, na mfereji wa maji wa shule hakuruhusiwa kuugusa kwa mkono wake. Alisubiri mtu mwingine amfungulie ndio anywe.

Katiba ilipoanza kutumika mwaka wa 1950, kifungu cha 17 kikapiga marufuku huo unajisi. Lakini kupiga marufuku peke yake hakumpi mtu kiti darasani. Ndipo nafasi zikatengwa. Leo katika vyuo vya serikali kuu, asilimia 15 ni za matabaka yaliyoorodheshwa, 7.5 ni za makabila yaliyoorodheshwa, na 27 ni za matabaka mengine yaliyobaki nyuma kielimu na kijamii. Shikilia hilo neno kuorodheshwa, kwa sababu shida yote imejificha hapo. Chini ya vifungu vya 341 na 342, Rais hutoa orodha ya majina ya matabaka na makabila, jimbo kwa jimbo, na baada ya hapo ni Bunge pekee linaloweza kuongeza au kutoa jina. Hakimu haruhusiwi. Afisa wa wilaya haruhusiwi. Jina lako liko ama haliko.

Na nikisema jimbo kwa jimbo, ni hivyo kweli. Kuna kijana aliyekuwa na umri wa miaka tisa wakati baba yake, mfanyakazi wa shirika la serikali, alihamia Bombay kutoka Andhra Pradesh. Kwao walikuwa kabila lililoorodheshwa. Kijana akasomea Bombay, akafika wakati wa kuomba nafasi ya udaktari, akaonyesha cheti chake. Akaambiwa hicho ni cha Andhra, hapa ni Maharashtra. Mahakama ya Upeo ikakubaliana na chuo mwaka wa 1990: hali hiyo imefungwa kwa jimbo ulikotoka, kwa sababu mazingira ya kubaki nyuma si sawa kila mahali. Kisheria naona mantiki. Lakini jaribu kumweleza mtoto kwamba alivuka mpaka kwa treni na kabila lake likabaki upande wa pili.

Sasa, mimi nilipoanza kusoma haya mambo nilikuwa tayari na msimamo. Nilitaka kuandika kwamba uhakiki wote ni upuzi, choma mafaili, amini watu. Kisha nikafika kwa kesi ya Madhuri Patil ya mwaka wa 1994 na msimamo wangu ukaanza kuyumba.

Madada wawili wa Maharashtra walikuwa wamepata nafasi za kusomea udaktari wa watu na udaktari wa meno kwa kusema wao ni Mahadeo Koli, kabila lililoorodheshwa. Kumbukumbu za familia zikaonyesha wao ni Hindu Koli, kundi jingine ambalo halikuwa kwa orodha hiyo. Majina yamekaribiana, na ni rahisi kujipenyeza katikati. Kamati ya uhakiki ikawakataa, wakaenda mahakamani, na amri za muda zikawaweka darasani huku kesi ikisonga polepole. Hukumu ilipotoka, dada mmoja alikuwa amefika mwisho wa masomo, akaruhusiwa kumaliza. Yule mwingine, aliyekuwa bado katikati, akaambiwa hawezi kuendelea kwa nafasi hiyo.

Hapo nilikaa nikafikiria juu ya mtu ambaye hatajwi. Kila kiti cha udaktari kilichokaliwa na mtu asiyestahili, kuna mtoto wa kabila fulani la milimani alikuwa wa kwanza kwa orodha ya waliokosa. Huyo hana kesi. Hajui hata kwamba aliibiwa, anadhani alifeli. Ukifuta uhakiki kesho asubuhi, wa kwanza kuumia ni yeye, si mimi na wewe tunaolalamika mtandaoni.

Lakini sikia kilichofuata, kwa sababu watu wengi wakitaja hii kesi huishia kwa madada. Mahakama iliandika taratibu kumi na tano za vile uhakiki utafanywa nchi nzima hadi sheria zitungwe. Mwanafunzi aombe kuhakikiwa angalau miezi sita kabla ya kujiunga na chuo. Kuwe na kamati ya watu watatu. Kuwe na wapelelezi wa kwenda hadi kijijini kwenu, kuuliza wazazi, kuangalia daftari za shule. Na kisha zikaja mbili ambazo mteja wangu alizitengenezea video mbili nzima, na mimi naelewa kwa nini. Moja inasema kamati ikianza uchunguzi, ifanye siku baada ya siku na imalize ndani ya muda usiozidi miezi miwili. Nyingine inasema kama uhakiki umechelewa na siku ya mwisho ya kujiunga inafika, mwanafunzi apokewe kwa muda, kwa kutumia cheti alicho nacho au kiapo cha mzazi, na matokeo ya uhakiki yaje kuamua baadaye.

Soma tena. Miezi sita kwa mtoto, miezi miwili kwa ofisi. Hiyo ni 1994. Mimi sikuwa nimezaliwa.

Na bado kila msimu wa kujiunga na vyuo huko Maharashtra unakuta wanafunzi na wazazi wamejaa kwa ofisi za kamati na mafaili kwapani, na serikali ya jimbo imelazimika mara kwa mara kuwaongezea muda wa kuleta cheti cha uhalali. Muda ukiongezwa watu wanashukuru. Lakini jiulize mbona unaongezwa kila mara. Mtoto akichelewa siku moja, nafasi inaenda kwa mwingine. Ofisi ikichelewa mwaka mzima, ni nani ananyimwa mtihani? Hakuna karani anayetolewa jina lake kwa orodha.

Kuchelewa huko pia kunazaa kitu kingine kibaya: mtu anaendelea na maisha huku swali halijajibiwa. Kuna mwanafunzi mwingine wa Maharashtra aliyeingia chuo cha udaktari mwaka wa 1985 kama Halba, kabila lililo kwa orodha. Kamati ikasema yeye ni Koshti, jamii ya wafumaji, na Koshti hayupo kwa orodha hata kama watu waliwaita Halba-Koshti kwa miaka. Uamuzi wa mwisho wa Mahakama ya Upeo ulitoka Novemba 2000. Miaka kumi na mitano! Mtu ashakuwa daktari. Majaji watano wakasema orodha isomwe vile imeandikwa, herufi kwa herufi, hakuna kuongeza Koshti kwa mlango wa nyuma. Ila shahada yake wakaiacha, kwa sababu pesa za umma zilishatumika kumsomesha na kuifuta kusingemsaidia mtu yeyote. Akaambiwa tu asitumie tena hicho cheti kwa faida nyingine.

Baada ya hapo watu wengi walikimbilia hiyo hukumu kama mwavuli. Maharashtra nayo ikatunga sheria yake, inayotumika tangu 2001. Inasema mzigo wa kuthibitisha ni wa yule anayedai. Cheti kikifutwa unapoteza nafasi, na shahada uliyoipata kwa njia hiyo inafutwa pia. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Upeo ikafunga mwavuli kabisa: dai likishapatikana si la kweli, faida zinarudishwa, na haijalishi kama ulidanganya kwa makusudi au uliamini kwa moyo safi kile baba yako alikuambia. Kwa jela lazima nia ionyeshwe. Kwa kupoteza shahada, hapana.

Hapa ndipo mimi na sheria tunaanza kukosana. Naelewa mantiki, kiti kilichoibiwa ni kiti kilichoibiwa. Lakini mtoto wa miaka kumi na saba hajitengenezei cheti. Anapewa na serikali, kina muhuri wa serikali. Serikali hiyo hiyo inakuja miaka kumi baadaye kusema muhuri wake haukumaanisha kitu. Kama ungekagua mapema ndani ya ile miezi miwili, mdanganyifu angetoka mwaka wa kwanza na yule wa milimani angeingia mahali pake. Ukikagua baada ya miaka kumi, kiti hakirudi kwa yeyote. Umebaki na watu wawili waliopoteza.

Halafu kuna hii ya karatasi za kabla ya 1950. Sababu yake si mbaya. Kabla orodha hazijatoka hakukuwa na nafasi za kupigania, kwa hivyo karani wa shule akiandika jina la jamii yako mwaka wa 1935, hakuwa na sababu ya kudanganya, na baba mkubwa wako hakuwa na sababu ya kumhonga. Mahakama ya Upeo ilisema mwaka wa 2011 kwamba hati za kabla ya uhuru zina uzito mkubwa zaidi. Sawa. Lakini fikiria ni nani alikuwa na karatasi ya shule mwaka wa 1935. Ni yule aliyeruhusiwa kuingia shule! Ambedkar alikalia gunia, na yeye angalau alikuwa ndani ya shule. Wengi wa umri wake hawakufika hata mlangoni. Kwa hiyo karatasi yenye nguvu zaidi ya kuthibitisha kwamba ukoo wako ulinyimwa shule ni karatasi ya shule. Aki mimi nilicheka peke yangu saa nane usiku, na haikuwa kicheko kizuri.

Ukikosa karatasi, kwa wale wa makabila kulikuwa na kipimo kingine. Wapelelezi wanauliza kuhusu mila: miungu mnayoabudu, vile mnaoa, vile mnazika wafu wenu. Msichana aliyezaliwa kwa ghorofa mjini, kazi yake ni kusoma baiolojia, anaulizwa watu wake humzika vipi mtu. Akikosea, huyo si wa kabila. Mimi hapo ningefeli kama nilivyofeli kwa Kinubi. Na hebu ona ubaya wake: elimu unayoitafuta ndiyo imekutoa kijijini, halafu unaadhibiwa kwa kutokuwa wa kijijini.

Afadhali hapa majaji wameliona. Ile hukumu ya 2011 ilisema kuhama na maisha ya kisasa hubadilisha watu, kwa hivyo mila zitumike kusindikiza karatasi tu, zisiwe kipimo pekee. Kamati na mahakama za chini zikaendelea kuvutana, hadi Machi 2023 majaji watatu wakaliweka wazi: kipimo cha mila si cha kuamua mambo peke yake, na si lazima kila mtu apelekwe kwa wapelelezi. Kama karatasi zinaridhisha, kamati itoe cheti. Mteja wangu aliniambia niweke hiyo kwa maandishi makubwa ya njano. Niliweka.

Nilimuuliza siku moja kwa nini anajisumbua na video hizi wakati za kusoma usiku zingepata watazamaji wengi zaidi. Akanijibu kwamba dada yake mdogo alipita mtihani vizuri, akapata nafasi, akaikosa kwa sababu faili yake ilikuwa ofisini "inashughulikiwa". Mwaka uliofuata cheti kilitoka. Dada alikuwa ashaolewa. Hakusema zaidi, na mimi nikarudi kwa mambo ya sauti na rangi.

Kuna kesi moja ambayo si ya cheti lakini siwezi kuiacha, kwa sababu ni ya saa. Mwaka wa 2024 kijana Mdalit wa Uttar Pradesh, baba yake mfanyakazi wa vibarua, alipata nafasi IIT Dhanbad, moja ya vyuo vile vya uhandisi ambavyo India nzima inavililia. Alitakiwa kulipa rupia 17,500 kabla ya saa kumi na moja jioni, tarehe 24 Juni. Familia ikachangisha, pesa zikapatikana dakika za mwisho, mtandao wa kulipia ukafungwa kabla malipo hayajapita. Nafasi ikaenda. Alipigania hadi Mahakama ya Upeo, na tarehe 30 Septemba majaji wakaamuru apokewe, aongezewe kiti chake, asitolewe mwanafunzi yeyote kumpisha. Waliitumia kifungu cha 142, kinachowapa mamlaka ya kutenda haki kamili. Nilifurahi kama ni mimi. Halafu nikahesabu: miezi mitatu, mawakili, jaji mkuu wa nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja, yote kwa dakika chache za saa ya kompyuta.

Wangapi hufika kwa jaji mkuu? Dada wa mteja wangu hakufika. Mimi sikujua hata kama kuna mlango wa kubisha, nilienda tu nyumbani nikaanza kukata video.

Ningekuwa na nafasi ya kuandika taratibu ya kumi na sita, ningeandika fupi. Ile miezi miwili ikipita na faili haijajibiwa, mtoto aendelee na masomo, na shahada yake isiguswe baadaye isipokuwa yeye mwenyewe alidanganya. Najua kuna wadanganyifu watapita hapo. Wakili yeyote wa Nagpur atanionyesha tundu tatu kabla sijamaliza chai. Lakini ofisi ingeanza kukimbia, kwa mara ya kwanza.

Nilimaliza video ya kumi na mbili juzi. Nikatuma, nikalipwa, kama kawaida siku hiyo hiyo. Halafu nikaingia kwa ukurasa wangu nikaifuta ile video ya "niliacha chuo kwa hiari". Ilikuwa ndiyo yenye watazamaji wengi kuliko zote, na mnajua mimi napenda hizo namba. Nyanya aliniuliza mbona nimenuna. Nikamwambia kuna kazi nimeifuta. Akaniuliza kama kitambulisho changu bado ninacho. Kila wiki huwa ananiuliza hivyo. Nikamwonyesha, akakishika, akakipangusa na leso yake, akanirudishia.